Ndege zinapita juu ya paa lako: nani mwenye mamlaka juu ya kelele?

*Swali la msomaji: Tunaishi karibu na uwanja wa ndege. Zamani ndege zilipita mbali kidogo, lakini tangu njia zilipobadilishwa zinapita juu ya mapaa yetu, nyingine usiku wa manane. Tulikwenda halmashauri, wakatuambia anga si yao. Uongozi wa uwanja ukatuelekeza kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Mamlaka nayo ikasema watu waliojenga karibu na uwanja ni suala la halmashauri. Kisheria, nani hasa mwenye kauli juu ya kelele hizi? Na diwani wetu akipeleka sheria ndogo ya kuzuia ndege za usiku, itasimama mahakamani?*

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuwapotezea muda na fedha nyingi. Sheria ndogo ya halmashauri inayokataza ndege kuruka au kutua usiku, kwa nchi nyingi, haitasimama. Shirika la ndege au mwenye uwanja akiipinga mahakamani itafutwa, nanyi mtakuwa mmepigania karatasi. Hata hivyo, hilo halina maana kwamba halmashauri haina nguvu. Ofisi zote tatu zilizowazungusha ziliwaambia jambo la kweli, kisha kila moja ikanyamaza pale mamlaka yake yenyewe yanapoanzia.

Hakuna ofisi moja iliyoshika kelele za ndege peke yake. Ngurumo ileile inayokuamsha saa nane usiku imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kukufikia: aliyeidhinisha injini, aliyechora njia ya angani, aliyeruhusu uwanja ufanye kazi saa hizo, na aliyetoa kibali cha nyumba kujengwa chini ya njia hiyo. Baada yao wote yuko hakimu. Hukutaja nchi yako, kwa hiyo nitaeleza mgawanyo huu kama ulivyo karibu kila mahali, nikitumia kesi za nchi ambazo migogoro hii imefika mbali zaidi mahakamani. Majina ya sheria kwenu yatakuwa mengine, lakini mifupa ya jambo ni ileile.

Anga ni ya nchi. Ibara ya 1 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 inatamka kwamba kila nchi ina mamlaka kamili, tena ya peke yake, juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ni nchi inayotajwa pale. Mji, wilaya na jimbo havimo. Sababu yake ni ya msingi: ndege moja kwa saa moja huvuka maeneo ya halmashauri nyingi, na kila moja ikiweka saa zake na kimo chake, waongoza ndege hawataweza kuzipanga kwa usalama. Mahakimu huiheshimu sana hoja hii ya usalama, na mtu anayeingia mahakamani bila kuwa na jibu lake huwa ameshindwa kabla hajakaa.

Mkataba huohuo ndio ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal. Kiambatisho cha 16 cha mkataba, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, kinaweka viwango vya kelele ambavyo kila aina ya ndege lazima ivifikie ndipo ipewe cheti. Viwango hivyo vimekazwa mara kadhaa, kizazi baada ya kizazi. Vile vya ndege kubwa mpya vilikazwa mwaka 2006 na tena mwisho wa 2017. Ndege hupimwa katika pointi tatu: inapokaribia kutua, inapopita baada ya kupaa, na pembeni mwa njia ya kurukia.

Angalia kitu kimoja hapo. Cheti kinapima kelele ya ndege moja tu. Hakihesabu ndege ngapi zitapita, wala saa ngapi, wala juu ya nyumba ya nani. Kwa hiyo shirika la ndege likikujibu kwamba ndege zake zote zinakidhi viwango vya kimataifa, linasema kweli, lakini swali lako limebaki palepale. Ndege tulivu zikipita arobaini kwa usiku mmoja bado zitawanyima usingizi, na kila moja itakuwa na cheti safi.

Sasa tuje kwenye sheria ndogo yenu. Marekani ndiko swali hili lilikojibiwa kwa uwazi zaidi. Mji wa Burbank, California, uliweka sheria iliyokataza ndege za jeti kuruka kutoka uwanja wa hapo kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Uwanja wenyewe haukuwa mali ya mji; ulikuwa wa kampuni ya Lockheed. Safari ya ratiba iliyoguswa na sheria ile ilikuwa moja tu kwa wiki, ya Jumapili saa tano na nusu usiku kwenda San Diego. Kwa ajili ya safari hiyo moja kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1973 mji ukashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Mahakama ilisema sheria za shirikisho za mwaka 1958 na 1972 zimelijaza eneo hili lote kiasi kwamba mji hauna pa kuingiza mkono wake, na kwamba miji mingi ikiiga Burbank, ratiba za ndege za nchi nzima zitavurugika.

Ungeweza kuishia hapo na kukata tamaa. Usikate, maana hukumu ile ina mlango wa nyuma, na huo ndio ninaotaka uuone.

Jaji aliyeiandika, William O. Douglas, alikuwa ameandika hukumu nyingine mbili kuhusu ndege kabla ya hapo. Ya kwanza ni ya mwaka 1946, ya mfugaji wa kuku wa North Carolina aliyeitwa Causby. Ndege za kijeshi zilipita juu ya shamba lake kwa kimo cha futi 83, yaani kama mita 25, na kuku wake wapatao 150 walikufa kwa kujigonga kwenye kuta kwa hofu. Mahakama ilikubali kwamba mwenye ardhi hamiliki anga hadi juu bila kikomo, lakini ikasema ndege zikipita chini sana na mara nyingi kiasi cha kumzuia mtu kuitumia ardhi yake, serikali imetwaa sehemu ya mali yake na lazima imlipe. Ya pili ni ya mwaka 1962, karibu na Pittsburgh. Hapo ndege zilikuwa za mashirika ya abiria na sheria za kuruka zilikuwa za serikali kuu, lakini uwanja ulikuwa wa kaunti ya Allegheny. Alipe nani? Mahakama ilisema kaunti, kwa kuwa ndiyo iliyochagua mahali pa kujenga uwanja, na ilipaswa kupata ardhi na haki za kupita angani za kutosha kwa ajili ya uwanja huo.

Ziweke hukumu hizo tatu pamoja, za kalamu ileile, uone kinachotokea. Anayeamua ndege zipite wapi na saa ngapi ni serikali kuu. Anayelipa fidia kwa majirani ni mwenye uwanja. Hali hiyo si ya haki hata kidogo, na mahakama yenyewe iliihisi: katika tanbihi ya hukumu ya Burbank, Jaji Douglas alisema waziwazi kwamba hawaamui kuhusu mji ambao wenyewe ndio mmiliki wa uwanja. Kutoka katika tanbihi hiyo mahakama za chini zikajenga kanuni iliyobeba mambo mengi tangu hapo: mwenye uwanja, kwa kuwa anaweza kudaiwa fidia, ana haki ya kujikinga kwa kuweka masharti ya kelele katika uwanja wake, mradi masharti hayo yawe ya busara, yasiwe ya kibaguzi, na yasizuie biashara ya usafiri pasipo sababu.

Kwa hiyo swali la kwanza mnalopaswa kuuliza, kabla ya yote, ni hili: *uwanja ni mali ya nani?* Kama ni mali ya halmashauri, jibu la "anga si yetu" halijakamilika. Hata kama halmashauri haitawali anga, bado inaweza kuwa na kauli juu ya ardhi ambayo ndege zinatua. Kama uwanja ni wa serikali kuu au umekodishwa kwa kampuni binafsi, tafuteni mkataba wa umiliki au wa ukodishaji. Masharti ya saa za kazi na ya kelele mara nyingi yamefichwa humo.

Nisikudanganye, haki hii ya mwenye uwanja imepunguzwa. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilitunga sheria inayosema mwenye uwanja hawezi kuzuia ndege za kizazi kipya mpaka mashirika yote yakubali au serikali kuu iidhinishe. Na kwa zile za kizazi cha zamani lazima kwanza afanye utafiti wa gharama na faida na kutoa notisi ya siku 180. Viwanja vilivyokuwa na masharti kabla ya 1990 viliachwa navyo. Vilivyochelewa vikaingia kwenye utaratibu mgumu ambao ni vichache vimeumaliza.

Kuna miji miwili inayoonyesha tofauti. East Hampton, katika jimbo la New York, ni mji unaomiliki uwanja wake. Mwaka 2015 ulipitisha marufuku ya usiku na ukomo wa safari kwa ndege zenye kelele. Uliamini kwamba kwa kuwa hautachukua tena ruzuku ya serikali kuu, utaratibu wa 1990 hauuhusu. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilisema utaratibu ule unamhusu kila mwenye uwanja, mwenye ruzuku na asiye nayo, na marufuku ikazuiwa. Naples, huko Florida, wao walifanya utafiti, wakatoa notisi, wakasubiri, kisha wakazuia jeti ndogo za zamani zenye kelele. Serikali kuu iliwanyima ruzuku kwa ajili ya hilo. Mwaka 2005 mahakama ikawapa Naples haki. Kilichowatenganisha ni utaratibu: mmoja aliufuata hadi mwisho, mwingine aliuruka.

Labda utasema hayo ni ya Marekani. Kwingineko mwenendo ni uleule kwa njia nyingine. Mwaka 2001 nchi wanachama wa ICAO zilikubaliana kwamba tatizo la kelele katika kila uwanja lishughulikiwe kwa njia nne: kupunguza kelele ya ndege yenyewe, kupanga matumizi ya ardhi, kubadili namna ya kupaa na kutua, na kuzuia safari. Hiyo ya nne isiwe ya kukimbilia kwanza. Umoja wa Ulaya uliligeuza azimio hilo kuwa sheria kamili, Kanuni namba 598 ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Juni 2016.

Uholanzi imeonja ukali wake. Serikali ya huko ilitaka kupunguza safari katika uwanja wa Schiphol kutoka 500,000 kwa mwaka hadi 460,000, kwa ajili ya wakazi. Mashirika ya ndege yalipinga, Tume ya Ulaya ikasema utaratibu haukufuatwa, Marekani ikalalamika, na Novemba 2023 mpango ukasimamishwa. Miezi michache baadaye, Machi 2024, mahakama ya The Hague ikaihukumu serikali hiyohiyo kwamba kwa miaka mingi imetanguliza maslahi ya usafiri wa anga na kuwanyima wakazi ulinzi wanaostahili chini ya Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya. Serikali ikabaki imebanwa pande zote mbili. Ninaisimulia kesi hii kwa sababu watu hudhani wakimfikia waziri wamefika mwisho wa mamlaka. Waziri naye amefungwa na mikataba, na diwani au mbunge anayewaahidi kumaliza tatizo kwa tamko moja hajui anachokisema, hata kama nia yake ni njema.

Nchi ikiamua kweli, lakini, inaweza. Bunge la Australia lilitunga sheria mwaka 1995 ya kuufunga uwanja wa Sydney kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa safari chache zilizotajwa na kwa dharura, na mwaka 1997 likaongeza ukomo wa ndege kuruka na kutua mara 80 kwa saa. Tofauti yake na Burbank haimo katika maneno ya marufuku. Imo katika aliyeitunga. Kwa hiyo kama diwani wenu ana hamu ya kutunga sheria, kazi yake ya maana ni kumsukuma mbunge.

Niende sasa kwenye mamlaka ambayo naona hayatajwi vya kutosha, nayo ni kibali cha ujenzi. Uwanja wa ndege, kabla ya kuwa jambo la angani, ni mradi wa ujenzi juu ya ardhi. Mtu anayetoa kibali cha ardhi anaweza kukifunga kwa masharti, na masharti hayo huishi miaka mingi kuliko wanasiasa. Uwanja wa London City, ulio katikati ya makazi ya watu, hufungwa usiku na pia kwa saa 24 za mwisho wa wiki, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana. Hiyo ni kazi ya masharti ya kibali. Uwanja ulipoomba kuongeza abiria na kurefusha saa za Jumamosi, halmashauri ya Newham ilikataa mwaka 2023. Mwaka 2024 mawaziri wakaruhusu abiria waongezwe hadi milioni 9 kwa mwaka, lakini ombi la saa za Jumamosi likakataliwa.

Frankfurt ni hivyohivyo. Uwanja ulitaka njia ya nne ya kurukia, na wakati wa majadiliano wakazi waliahidiwa usiku mtulivu. Kibali kilipotoka kikaruhusu safari 17 kila usiku. Wakazi na miji jirani wakaenda mahakamani, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Utawala ya Leipzig ikathibitisha kwamba ndege za ratiba hazitaruka wala kutua kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Huo ni mmoja wa viwanja vikubwa kuliko vyote Ulaya, na ulinyamazishwa usiku kwa sababu ya ubishi juu ya kibali. Uwanja unaoomba kitu, iwe jengo jipya la abiria, maegesho ya ndege au mita 300 za lami, huzungumza na majirani kwa namna ambayo uwanja usioomba kitu hautazungumza. Fuatilieni maombi yote ya ujenzi yanayowahusu, hata yanayoonekana madogo.

Halmashauri pia ndiyo inayotia saini vibali vya nyumba. Hapa mamlaka ya usafiri wa anga iliwaambia ukweli mchungu. Kama vitalu vya makazi viliidhinishwa chini ya njia ya ndege baada ya uwanja kuwapo, halmashauri ni sehemu ya chanzo cha tatizo, na inapaswa kulikiri hilo kwa vitendo: isitoe vibali vipya vya shule na hospitali hapo, idai madirisha na paa za kuzuia sauti, na imlazimishe muuzaji wa nyumba kumweleza mnunuzi habari za kelele. Hayo hayaondoi ndege hata moja. Yanazuia idadi ya wanaoumia isiongezeke, na yamo ndani ya uwezo wake leo, pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Kuna njia nyingine ya halmashauri ambayo Mkoa wa Brussels uliijaribu kwa ujasiri. Uwanja wa Brussels uko Zaventem, nje ya mipaka ya mkoa huo, kwa hiyo mkoa haukuwa na kauli yoyote juu ya uwanja. Ukaweka badala yake ukomo wa desibeli unaopimwa chini, kwenye makazi ya watu wake, na ukawatoza faini walioupita. Kampuni ya mizigo ilipinga, na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba ukomo wa kelele unaopimwa chini, kwa sheria za wakati ule, si lazima uhesabiwe kuwa ni kuzuia ndege, isipokuwa kama kwa hali halisi unawafungia waendeshaji mlango kabisa. Sisemi mwige bila kuuliza wakili. Nchi nyingi zingeifuta sheria ya namna hiyo. Ila inaonyesha kwamba "anga si yetu" halikuwa jibu la mwisho hata kwa mkoa usiomiliki uwanja.

Na mahakama? Hapa punguza matumaini kidogo. Mahakama hutoa fidia kwa urahisi kuliko zinavyosimamisha ndege. Wakazi wa jirani na uwanja wa Osaka walidai yote mawili, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Japani ikawapa fidia kwa madhara yaliyokwisha kutokea, lakini ikakataa kuamuru ndege za usiku zisimame. Uingereza imekwenda mbali zaidi katika kuwakinga waendeshaji: sheria ya mwaka 1982, kifungu cha 76, inazuia kesi ya kero kwa sababu tu ndege imepita kwa kimo kinachofaa na kwa kufuata kanuni. Wakazi wa jirani na uwanja wa Heathrow, London, walipopeleka suala la usingizi wao kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg, walishinda mwaka 2001, kisha mwaka 2003 Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo likageuza hukumu kuhusu haki ya maisha ya faragha na familia. Hata hivyo, likasema Uingereza ilikosea kwa kutowapa wakazi njia ya kweli ya kusikilizwa na mahakama zake. Mara nyingi katika mambo haya mwananchi hushinda kwenye utaratibu pale anaposhindwa kwenye kelele yenyewe.

Hilo linanirudisha kwenye sentensi moja ya swali lako niliyoiona kuwa nzito kuliko nyingine zote: *tangu njia zilipobadilishwa*. Njia za angani huchorwa na mamlaka ya taifa. Katika nchi nyingi haiwezi kuzibadilisha kimyakimya. Hutakiwa kupima athari kwa mazingira na kuwashauri watakaoathirika. Septemba 2014 mamlaka ya anga ya Marekani ilibadilisha njia za kutoka uwanja wa Phoenix, Arizona, na ndege zikaanza kupita juu ya mitaa ya kihistoria iliyokuwa tulivu. Mji haukusema "tunazuia ndege". Ulisema "mmebadilisha bila kutushauri kama sheria inavyotaka". Agosti 2017 mahakama ya rufaa ikakubali, na uamuzi wa njia mpya ukabatilishwa.

Lakini soma pia tarehe zake. Sheria ya Marekani inatoa siku 60 tu za kupinga uamuzi wa namna hii. Phoenix ilichelewa kwa miezi, na mahakama ikaisamehe kwa kuwa mamlaka ilikuwa ikiwapa viongozi wa mji matumaini kwamba itarekebisha. Wakazi wa Georgetown, jijini Washington, walichelewa pia, na mwaka 2018 mahakama ileile ikawafungia mlango. Kila nchi ina muda wake wa kupinga maamuzi ya serikali, mara nyingi ni wiki au miezi michache. Kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi hakusimamishi saa hiyo. Huu ndio wasiwasi wangu mkubwa juu yenu, kuliko suala la sheria ndogo.

Kwa hiyo fanyeni hivi, tena kwa maandishi. Kwa mamlaka ya usafiri wa anga, ombeni tarehe ya uamuzi wa kubadilisha njia, nakala ya uamuzi huo, tathmini ya mazingira iliyofanywa, na orodha ya walioshauriwa. Ombeni pia ramani za kelele, na mwulize zimetumia kipimo gani. Marekani hutumia wastani wa saa 24, ambamo kila ndege ya usiku huongezewa desibeli 10, na mstari wa 65 ndio unaoamua nani ahesabiwe kuathirika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za ndege zisizidi 45 kwa wastani wa mchana, jioni na usiku, na 40 usiku. Mwongozo huo haumfungi mtu kisheria, lakini pengo kati ya 65 na 45 ni la kuwekwa mezani.

Kwa mwenye uwanja, ombeni masharti ya kibali chake, leseni yake na mkataba wa ukodishaji, pamoja na kumbukumbu za safari za usiku. Ulizeni kama saa za usiku zimo katika kibali au zilianza tu polepole bila mtu kuziidhinisha, hilo hutokea. Kwa halmashauri, diwani aache sheria ndogo ya marufuku, alete hoja ya kusimamisha vibali vipya vya makazi chini ya njia ya ndege, na hoja ya pili ya kuitaka halmashauri yenyewe iwe mlalamikaji. Phoenix ilisikilizwa kama mji, ikiwa na wanasheria wake na bajeti yake, na vyama vya wakazi vikawa pembeni yake.

Kama baadhi ya ndege hizo ni za jeshi, zitengeni katika kumbukumbu zenu. Ndege za serikali ziko nje ya Mkataba wa Chicago, na malalamiko juu yake huenda wizara ya ulinzi. Msiziache tu: mwaka 2003 mahakama ya Uingereza iliiamuru wizara hiyo imlipe mwenye ardhi mmoja pauni 950,000 kwa kelele za ndege za kivita zilizopita juu ya nyumba yake, ingawa ilikataa kuzisimamisha.

Barua ya kwanza kuandikwa ni ile ya kuuliza tarehe ya uamuzi wa njia. Mkishaipata tarehe, mpelekeeni wakili siku hiyohiyo awaambie muda wa kupinga umebaki kiasi gani. Mengine yote yanaweza kungoja jibu lake.